Mama Stensili na Rimu Kumi za Karatasi

Mashine ilisema haina karatasi, na trei imejaa karatasi mpaka mdomoni. Hilo ndilo lililomuudhi karani kuliko yote. Kukataa kazi ni jambo la kawaida, hata walimu wanakataa kazi. Lakini kukuita mwongo usoni, saa mbili asubuhi, watu wawili wamesimama nyuma yako wanasubiri, huo ni ugomvi.

Akaichomoa trei, akaichungulia, akairudisha, akabonyeza. Ndani kukasikika krr, krr, krr, kama kuku anayeparura sakafu ya saruji. Rola inazunguka, karatasi imelala. Kisha ile taa ya rangi ya chungwa ikawaka, na kwenye kioo maneno yakarudi palepale: hakuna karatasi.

"Labda imeshiba," akasema mwalimu wa taaluma. Huyo ni mama mnene, mdomo wake hauna breki, na kazi yake ni kusimamia mitihani ya shule nzima. "Iache iteremshe kidogo, Mama Stensili."

Mwalimu wa pili akacheka. Karani hakucheka. Ilikuwa Jumatano, na mitihani ya kufunga muhula ilikuwa inaanza Ijumaa asubuhi, karatasi elfu tatu na ushei. Na safari hii kwenye mtihani huo alikuwa amekiweka rehani kiti chake.

Hana mtoto anayeitwa Stensili, usije ukadhani. Watoto wake watatu wana majina ya heshima. Lakini alipoajiriwa, miaka ishirini na mitatu nyuma, shule ilikuwa inachapa mitihani kwa mashine ya kurudufu, ile ya kuzungusha kwa mkono. Unapiga stensili kwa taipureta, unaivisha kwenye pipa la wino, unazungusha mpaka bega linalia. Alikuwa na mkono mwepesi, haharibu. Mashine ilikufa, stensili zikatoweka duniani, jina likabaki, na hata wazazi waliosoma hapo wakiwa watoto walipoleta watoto wao walimwamkia kwa jina hilo.

Mwalimu mkuu alikuwa mgeni, ana mwaka mmoja tu shuleni. Kijana mpole, ana adabu, na adabu yake ilikuwa ya aina ambayo huwezi kuishika mahali ukagombana nayo. Wiki tatu nyuma alimwita karani ofisini kwake, akamvutia kiti kwanza, akamkumbusha kwamba mitihani ya katikati ya muhula ilichelewa siku mbili, na ile ya kabla yake kurasa zilipinda maswali yakakatwa vichwa. Akasema anajua mashine ni mpya na hakuna aliyemfundisha. Halafu akafika kwenye jambo lenyewe.

"Mama, mtihani huu ukitoka kwa wakati, kazi ya kuchapa inabaki hapa. Usipotoka, naipeleka kwenye lile duka la njia panda, na wewe nitakuomba uende stoo."

Nitakuomba. Sasa mtu anayekuondoa kwa kukuomba, utamjibu nini?

Mshahara hauguswi, alisema, na hapo ndipo alipommaliza, maana angeugusa mshahara karani angekuwa na pa kulalamikia. Stoo ya shule ile ilikuwa chumba kirefu chenye dirisha moja linalotazama vyoo. Humo mlikaa chaki, mafagio, ndoo, na madawati yaliyovunjika miguu. Anayeingia humo anakuja kuchukua fagio, anaondoka. Lakini ofisini, kila mtu wa shule ile alianzia mezani kwake: mzazi aliyekuja kulia, mzazi aliyekuja kutukana, mwalimu anayeomba ruhusa ya msiba wa shangazi aliyekwisha kufa mara mbili. Yote yalipita kwake, na jioni aliyapeleka nyumbani kwa mume wake. Mumewe alikuwa dereva wa lori mpaka mgongo ulipomgomea, sasa ni mtu wa kiti na mto, na habari za ofisini ndizo zilizokuwa gazeti lake. Alipomweleza habari ya stoo, mzee aligeuza mto wake, akasema, "Kwa hiyo sasa utaniletea habari za mafagio."

Afadhali jambo moja lisemwe mapema, kwa kuwa karani mwenyewe hakulijua na hapakuwa na wa kumwambia: mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa inatelezeshwa.

Aliyemfundisha kazi alikuwa karani mzee, sasa ni marehemu, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yanakata, na somo lake la kwanza lilikuwa poda. Karatasi ikinyonya unyevu hushikana mbili mbili, na mashine ya kurudufu ilikuwa haina huruma na karatasi zilizoshikana. Basi unaichukua rimu, unaipepea, unainyunyizia poda ya mtoto, kidogo, unapangusa, unapepea tena. Zinateleza kama kambare. Kopo la poda liliishi kwenye droo ya karani kama vile kisu kinavyoishi jikoni.

Printa inataka kinyume chake kabisa. Ile rola ndogo ya mpira inaivuta karatasi kwa kuikwaruza, kama kidole kilicholambwa kinavyofunua ukurasa wa daftari. Ukiipaka poda umempaka mtu sabuni mikononi ukamwambia akamate samaki. Lakini msimu wa mvua printa iliwahi kuvuta karatasi mbili kwa pamoja, karani akazitia poda kidogo, ikaacha. Bahati hiyo. Bahati ikija mara moja inaitwa ujuzi.

Kwa hiyo mwalimu mkuu alipomwekea sharti lake, karani alijiandaa kama mtu anayesubiri wakwe. Shule ilikuwa imenunua rimu kumi. Alizifungua zote, siku mbili mfululizo kila alipomaliza barua za asubuhi, akazitia poda, akazipepea, akazipangusa, akazirudisha kwenye vifungashio vyake na kuvibandika gundi hata huwezi kujua zimefunguliwa. Makopo matatu. Mwalimu wa taaluma aliingia siku ile akavuta pumzi, akasema ofisi inanukia kliniki, akatoka.

Basi Jumatano ile, alipoona mambo yamekwama, alimpigia simu binti yake wa pili, anayeuza kompyuta na simu katika mji mwingine. Binti alikuwa na mteja mbele yake, akawa anaongea kwa sauti ya chini chini.

"Mama, umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima mpaka yenyewe imechoka kuzimwa."

Binti akamwambia apunguze karatasi, trei isijazwe kupita kile kistari. Akapunguza. Avisogeze vile vibanio vya pembeni viiguse karatasi bila kuibana. Akavisogeza. Ageuze karatasi juu chini. Akageuza. Krr, krr, krr. Mwisho binti akasema lile lililokuwa dawa: afungue mlango wa nyuma, atafute rola ya mpira yenye ukubwa wa kidole gumba, aifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, aiache ikauke.

Alifanya hivyo, tena kwa uangalifu, ulimi nje kidogo kama mtoto anayeandika. Kitambaa kikatoka cheupe. Akasema moyoni: vumbi la chaki, na shule gani haina vumbi la chaki. Akakifua, akarudia, mpaka rola ikawa nyeusi ti, inang'aa. Hapo kama angekaa dakika tano na kikombe chake cha chai rola ingevuta tena, walau kwa muda. Lakini aliitazama ile rola akaiona ina unyevu, na miaka ishirini na mitatu ilikuwa imemfundisha kwamba mahali penye karatasi adui ni unyevu. Akafungua droo, akachukua kopo, akaipulizia rola poda.

Akamrudia binti kwenye simu, akamwambia nimefanya kama ulivyosema na bado. Poda hakuitaja. Si kwamba alificha. Nani anapoeleza jinsi alivyofanya kazi anataja kwamba wakati huo alikuwa anapumua?

"Basi mama, rola imekwisha," binti akasema. "Itafutie fundi." Na mteja wake akamwita.

Mashine ikiharibika kila mtu ni fundi, kama mtoto akiumwa kila mtu ni daktari. Mwalimu wa sayansi alikuja akaipiga ubavuni kofi moja la kitaalamu. Mwalimu wa michezo akashauri iinuliwe upande mmoja. Mwingine akasema ni umeme mdogo, mwingine akasema ni umeme mkubwa. Karani aliwasikiliza wote, maana mfa maji haokoti fimbo kwa kuchagua, akajaribu yote ila la yule aliyeshauri inyunyiziwe maji ya uvuguvugu. Akagundua kwamba ukiingiza karatasi moja moja kwa mkono kwa pale mbele, ukaisukuma kwa kidole wakati rola inazunguka, mara nyingine inakubali. Mara nyingine inaivuta upande, inaikunja kama kitambaa cha pua, inakutemea. Mpaka kengele ya mwisho alikuwa na karatasi kumi na moja nzima. Kumi na moja, katika elfu tatu na ushei.

Nyumbani mume wake alisikiliza habari yote kwa makini kuliko walimu wote. Akauliza kama mashine hiyo ina bomba, maana lori likigoma kunywa mafuta unafungua bomba unavuta kwa mdomo mpaka yaje. Karani akasema haina bomba. Mzee akasema pole. Wakala chakula, wakatoa vyombo.

Fundi alikuja Alhamisi saa tano. Mtu mzima, nywele zimeanza majivu, miwani kwenye kamba, mfuko wa bisibisi begani. Alikuja amepigiwa simu na mwalimu mkuu mwenyewe, na mwalimu mkuu akasimama pale mlangoni mikono nyuma. Mwalimu wa taaluma naye akajisogeza, hakosi.

Fundi alifungua mlango wa nyuma, akaingiza kidole, akakitoa, akakitazama, akakinusa. Akaangalia huku na huku chini ya meza.

"Nani ana mtoto mchanga humu ndani?"

Mwalimu wa taaluma akacheka peke yake. Fundi akatoa spiriti na pamba, akaisugua rola, akafunga, akabonyeza. Karatasi ikateremka ndani ya mashine kama haijawahi kuwa na tatizo tangu izaliwe. Ikatoka upande wa pili imechapwa, maswali yote na vichwa vyake. Ya pili. Ya tano. Ya kumi na mbili. Karani alikuwa amesimama, mkono kifuani, na bila kujitambua alikuwa anazipokea moja moja zinapotoka, anazipiga piga mezani zilingane. Ilipofika ishirini alianza kupiga hesabu: dakika moja karatasi kumi na tatu, muda wa saa nne na kidogo, mpaka saa kumi jioni kazi imekwisha, kesho asubuhi anaingia na bahasha mikononi. Alimwona mwalimu mkuu analegeza mabega. Aliliona hilo kwa macho yake.

Krr.

Karatasi ya thelathini na moja. Krr, krr. Taa ya chungwa.

Fundi akarudi kwenye mlango wa nyuma. Akafungua, akasugua, akafunga. Thelathini nyingine, krr. Sasa akavaa miwani. Akachukua karatasi moja kutoka kwenye trei, akaifikicha kati ya vidole viwili, akavipeleka vidole kwenye mwanga wa dirisha. Vyeupe. Akaomba rimu nyingine. Karani akafungua kabati, akampa. Fundi akaichana, akafikicha: nyeupe. Akaomba nyingine. Nyeupe.

Na ni hapo, anamwangalia mtu yule vidole vyake, ndipo lilipomwingia. Halikuja kwa kishindo. Lilikuja kama maji yanavyoingia chini ya mlango, unatazama tu sakafu inabadilika rangi. Akaliangalia kabati. Rimu zimepangwa, kingo zimelingana, gundi safi. Alizikumbuka zote kumi, kila moja ilivyokuwa mapajani mwake.

Fundi alikuwa mtu mwema, au alikuwa mtu aliyezoea ofisi za watu. Akasema labda zimetoka kiwandani hivyo, siku hizi viwanda vingine vinatia vitu vya ajabu, arudishiwe mwenye duka aliyeziuza. Njia ya kujiokoa ikawa wazi. Mwalimu wa taaluma ndiye aliyesikia harufu siku ile, lakini alikuwa anatazama kalenda ukutani kana kwamba ina jambo jipya.

"Mama," akasema mwalimu mkuu, "tuzirudishe dukani?"

Angenyamaza tu. Hata kusema ndiyo hakuhitaji. Lakini kumpeleka mwenye duka kwenye kesi ya poda asiyoijua, hapana. Na zaidi ya hapo, kazi ile aliifanya vizuri, ndiyo taabu yenyewe, hakuna mtu duniani angeitia poda rimu vizuri vile.

"Si kiwandani," akasema. "Ni mimi. Niliogopa zisishikane."

"Hii rimu?" mwalimu mkuu akauliza.

"Zote, mwanangu."

Hajawahi kumwita mwanangu. Lilimtoka tu. Mwalimu mkuu akaangalia chini. Kama angefoka, karani angepata pa kushika, angejibu, angekumbusha miaka yake. Hakufoka. Akasema pole, mama, pole sana, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake mkono wa rambirambi. Akaisogelea kompyuta, akaichomoa flashi yenye mitihani.

"Nipe mpaka saa kumi," karani akasema. "Nitazipangusa."

Karatasi elfu tatu na ushei, pande mbili, kwa kitambaa. Kila mtu mle ndani alijua, yeye wa kwanza. Mwalimu mkuu alitazama saa yake kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kutazama saa. Kisha akamwomba fundi amwachie mama chupa ya spiriti, akairudisha flashi mahali pake, akanakili yaliyomo kwenye nyingine, akasema duka litachapa madarasa mengine yote. Yeye achape darasa la kwanza, ukurasa mmoja mmoja, watoto tisini na wawili.

Ilikuwa ni huruma, na huruma haina kona unayoweza kuishika ukagombana nayo. Akakaa. Akapangusa karatasi mbele, nyuma, akaziweka kumi kumi. Kila zikipita thelathini alifungua mlango wa nyuma akaifuta rola kwa spiriti, akaiacha ikauke yenyewe, mikono mapajani, anaitazama ikikauka. Haikuhitaji kitu. Ilikauka tu. Mwalimu wa taaluma alipita mara moja, akasimama mlangoni, akafungua mdomo. Karani akasubiri utani. Utani haukuja. Mama yule mwenye mdomo usio na breki aliufunga, akaenda zake, na hapo Mama Stensili akajua kwamba yamekwisha.

Zilitimia tisini na mbili saa tisa na nusu. Akaongeza tatu za akiba.

Ijumaa bahasha za duka zilifika kwenye boksi, karatasi zimenyooka, zimebanwa pini kila moja kwenye pembe ileile. Hakuna aliyezisifia, kitu kikienda sawa nani anakisifia? Mwalimu wa darasa la kwanza alisema watoto wake walichelewa kuanza kwa sababu kila mmoja alikuwa anainusa karatasi yake. Alisema kwa kucheka, hana ubaya.

Wakati wa mapumziko, karani alirudi kutoka kuchukua maji akakuta bahasha mezani kwake, jina lake kamili juu, si la stensili. Barua ilikuwa ya mkono. Kwa miaka ishirini na mitatu hakuna barua iliyotoka ofisi ile bila kupita kwenye vidole vyake, za kuajiri, za kuonya, za kufukuza, na alikuwa anamjua kila mtu aliyeondoka kabla mwenyewe hajajua. Hii haikuweza kupita kwake. Yule kijana alikaa mahali akaiandika kwa kalamu, kwa mwandiko wa kupanga, na pale aliposhindwa neno akalikata kwa mstari mmoja.

Akaisoma kama anavyosoma barua zote, kwanza umbo, kisha maneno. Kichwa cha habari kimepigiwa mstari, vizuri. Shukrani nyingi, aya nzima. Mkono wa kushoto kuna nafasi ya kutosha. Stoo, ndiyo, ipo. Akaisoma tena mpaka sahihi, akainuka, akaenda kubisha mlango.

"Mwalimu, barua yako haina tarehe ya kuanza."

Aliipokea, akaiangalia, masikio yakamwiva. Alishika kalamu, akaiweka. Akamrudishia.

"Iweke wewe, mama. Yoyote utakayoona inafaa."

Akarudi nayo mezani. Angeweza kuandika muhula ujao. Angeweza kuandika mwaka kesho, na kijana yule, kwa adabu zake, asingethubutu kusema neno. Mzazi mmoja akaingia, mtoto wake ana homa, anataka kujua amwone nani. Karani akamwambia darasa, akamwambia apitie mkono wa kulia kwa sababu kushoto wanafanya mtihani, akaandika jina kwenye daftari la wageni. Mzazi akashukuru, akatoka.

Akachukua kalamu, akaandika: Jumatatu. Kisha akaitoboa ile barua matundu mawili, kwa kuwa barua ya ofisi haikai mezani, akalitafuta faili lake mwenyewe kabatini, akaifunga humo juu ya nyingine zote.